Gredi yako ya KCSE haikuanza siku ya mtihani

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, stori ni ile ile. Simu zinaanza kulia, kwenye WhatsApp ya familia kila mjomba ghafla ni mtaalamu wa elimu, na kufikia jioni herufi moja imeshageuka kuwa jina lako la pili. "Yule wa A-." "Yule wa C, alikuwa anacheza sana."

Sasa tutulie kidogo. Hiyo herufi inasema nini hasa kukuhusu? Inasema kitu, hilo hatukatai. Lakini imebeba mambo mawili ambayo watu hawapendi kuyatenganisha: pale ulipoanzia, na pale ulipokuwa unaelekea. Kama uko kidato cha tatu, uko Gredi ya 10, au una ndugu mdogo huko, soma hii hadi mwisho. Lango la chuo kikuu halifungwi Novemba ya mtihani. Linafungwa mapema zaidi, na mara nyingi hakuna anayekuambia.

Kwanza, hesabu

Katika KCSE ya 2024, watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata C+ kwenda juu, yaani kiwango cha chini cha kujiunga na digrii, walikuwa 246,391. Hiyo ni takriban asilimia 25.6. Waliopata A walikuwa 1,693 pekee.

Geuza hizo namba upande wa pili: zaidi ya watu 716,000 hawakufika C+. Kati ya kila wanne waliokaa kwenye dawati, watatu. Mtu akikuambia hao wote ni wavivu, muulize kama anajua kuna uvivu wa aina gani unaoweza kushika watu laki saba kwa mwaka mmoja.

Gredi hizi pia hazikusambaa nchini kama mvua. Shule zetu zilikuwa na ngazi: za kitaifa, za ziada za kaunti, za kaunti, na za kaunti ndogo, ambazo nyingi ni za kutwa. Kwa miaka mingi aliyepata alama za juu KCPE alipanda juu ya ngazi hiyo, na aliyepata za chini akabaki karibu na nyumbani. Baada ya miaka minne wote walipewa karatasi moja, siku moja, kisha tukashangaa majina ya shule zinazoongoza hayabadiliki.

Shule kubwa ndizo zinazotengeneza A?

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawatalipenda. Mwaka wa 2014, wanauchumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha utafiti kuhusu shule zetu za kitaifa, wakati zilikuwa 18 tu nchi nzima. Hawakulinganisha mwanafunzi wa shule ya kitaifa na yeyote tu wa mtaani. Walilinganisha wale walioingia kwa kuponea tu na wale waliokosa kwa alama chache. Yaani watu ambao, tukisema ukweli, walikuwa na akili sawa siku ya KCPE, ila mmoja akapata barua na mwenzake akaikosa.

Walipofika KCSE, tofauti kati yao ilikuwa ndogo mno. Waandishi hao walihitimisha kwamba sifa za shule zile zilitokana zaidi na wanafunzi zilizowachagua kuliko na kile zilichowaongezea darasani. Kwa lugha ya mtaani: ukichukua waliokuwa wa kwanza kila mahali ukawaweka bweni moja, usishangae wakiendelea kuwa wa kwanza.

Lakini usikimbie na hilo ukasema shule haijalishi. Waliokosa nafasi hizo wakati ule walienda kwenye shule za mkoa, ambazo nyingi zilikuwa na maabara, maktaba na walimu. Utafiti ule haukulinganisha shule ya kitaifa na shule ya kutwa ambayo mwalimu wa Kemia ndiye huyo huyo wa Biolojia, na chupa za kemikali zinafunguliwa wiki ya mtihani.

Hapo tofauti ni ya kweli, na unaweza kuiona ndani ya mtihani wenyewe. Karatasi ya tatu ya Fizikia, Kemia na Biolojia ni ya vitendo, na inabeba alama 40 kati ya 100. Alama arobaini! Kama umeshika bureti mara mbili tu maishani, unashindana na mtu aliyeishika kila wiki kwa miaka minne. Hakuna kukesha kunakoweza kuziba pengo hilo usiku mmoja.

Kwa hivyo B ya shule isiyo na maabara na B ya shule yenye kila kitu ni herufi moja iliyotoka safari mbili tofauti. Mfumo unazisoma sawa. Wewe usizisome sawa, hasa unapojilinganisha na mabeste zako.

KUCCPS inasoma zaidi ya herufi

Tuje upande wa pili: malengo. Hapa ndipo wengi huumia wakiwa na gredi nzuri mkononi.

Gredi yako ya jumla hutokana na masomo saba, kila moja likiwa na pointi 12 za juu zaidi, jumla 84. Tangu 2023 hesabu hiyo inachukua Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Lakini gredi hiyo inakufikisha mlangoni tu. Ndani, KUCCPS inaangalia klasta: masomo manne yanayohitajika kwa kozi unayotaka, ambayo jumla yake ya juu ni 48.

Kanuni inayofahamika ni hii. Chukua pointi za masomo yako manne, gawa kwa 48. Chukua pointi za masomo saba, gawa kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Hesabu yenyewe ya KUCCPS ina vipengele zaidi, lakini hii inatosha kuonyesha mambo yanavyokwenda.

Tuseme kuna wanafunzi wawili. Wote wana pointi 70. Wote ni B+. Kwenye kundi la familia wote wanapigiwa makofi sawa.

Wa kwanza ana Hisabati 12, Fizikia 12, Kemia 11, Biolojia 11. Kiingereza, Kiswahili na CRE amepata 8 kila moja.

Wa pili ana Kiswahili 12, Kiingereza 11, CRE 11, Biolojia 11. Kemia ana 9, Hisabati 8, Fizikia 8.

Wote wanaomba uhandisi, na klasta inahesabiwa kwa Hisabati, Fizikia, Kemia na Biolojia. Wa kwanza anapata pointi 42.9. Wa pili anapata 37.9. Pointi tano nzima, na gredi ni ile ile. Kwa kozi zinazong'ang'aniwa, watu hutenganishwa na sehemu ya pointi moja, kwa hivyo tano ni kama bahari.

Sasa geuza. Wote wanaomba kozi inayohesabu Kiingereza, Kiswahili, CRE na somo moja zaidi. Wa pili anapanda hadi 42.4. Wa kwanza, yule genius wa Fizikia, anashuka hadi 37.9.

Nani mwerevu kuliko mwenzake? Swali hilo halina jibu. Swali lenye jibu ni hili: nani alikuwa anasoma akijua anaelekea wapi?

Lango lilifungwa kidato cha pili

Mwanafunzi wa 8-4-4 alichagua masomo alipomaliza kidato cha pili au alipoanza cha tatu. Alikuwa na miaka kumi na mitano au kumi na sita. Wengi walichagua kwa sababu gani? Fizikia ni ngumu. Mwalimu wa Jiografia yuko poa. Beste yangu anafanya Biashara. Au shule yenyewe inaamua: haina mwalimu wa Kompyuta, haina wa Kilimo, na Fizikia inaachiwa wale kumi wa mbele ili wastani wa shule usishuke.

Siku hiyo hakuna anayelia. Hakuna matokeo, hakuna simu. Lakini siku unapoacha Fizikia, umeacha pia karibu uhandisi wote, hata kama utapata A. Ukiipuuza Kemia kwa sababu "mimi si mtu wa sayansi", halafu kidato cha nne ukaanza kuota uuguzi, ndoto imechelewa. Ndiyo maana Fizikia hufanywa na watahiniwa wachache mno kuliko Biolojia na Kemia, kisha tunauliza mbona hatuna wahandisi wa kutosha, hasa wasichana.

Na hapa pale ulipoanzia panakutana na pale unapoelekea. Mtoto ambaye nyumbani kuna daktari au mhandisi anaambiwa mapema: usiache Fizikia, tutatafuta tuisheni. Mtoto ambaye atakuwa wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo hana wa kumwambia. Si kwamba malengo yake ni madogo. Ni kwamba hakuna aliyemwonyesha kuwa lengo lina masharti, na masharti yana tarehe. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi hii inayonikera, kwa sababu kuirekebisha si ghali kama kujenga maabara. Inahitaji mtu mmoja shuleni akae na watoto saa moja, afungue mahitaji ya kozi, na kuwaonyesha.

Gredi ya 10, hili linawahusu

Kama ulidhani CBE imeondoa shida hii, angalia tena. Wanafunzi wa kwanza wa mfumo huo waliingia sekondari pevu Januari 2026. Waliingia wakiwa tayari kwenye mikondo mitatu: STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Alama za kuwapanga zilitokana na KJSEA kwa asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20.

Kuna uzuri hapo. Mtihani wa siku moja haubebi kila kitu, na anayependa muziki au soka haambiwi tena kwamba ameharibikiwa. Lakini uamuzi sasa unakuja mapema zaidi, Gredi ya 9, na si kila shule inatoa mikondo yote mitatu. Serikali ilitarajia asilimia 60 ya wanafunzi waingie STEM. STEM bila maabara ni jina tu kwenye ratiba. Mtoto wa shule ya kutwa akiwekwa STEM ya ubaoni, tutarudi pale pale mwaka wa 2028 atakapomaliza Gredi ya 12, na tutamwambia hakujituma.

Kwa hivyo swali la kuuliza mbunge wako na bodi ya shule si "tumepata A ngapi?" Uliza: maabara iko? Mwalimu wa Fizikia yuko? Ni masomo gani mtoto hawezi kuchagua hapa hata akitaka?

Sasa ufanye nini?

Kama uko kidato cha tatu: chagua kozi tatu unazoweza kuzipenda, tafuta masomo ya klasta ya kila moja kwenye tovuti ya KUCCPS, halafu linganisha na masomo yako. Kama kuna somo moja linalofungua zote tatu, hilo usiliache hata likuchoshe. Watahiniwa wa mwisho wa KCSE ya 8-4-4 ni wa 2027, kwa hivyo ukianguka hakutakuwa na foleni ndefu nyuma yako ya kurudia nayo.

Kama uko Gredi ya 10 na unahisi uko kwenye mkondo usio wako, zungumza na shule sasa. Usingoje hadi Gredi ya 12 kwa sababu unaogopa kumkasirisha mathe. Kila muhula unaopita unafanya kubadilisha kuwe kugumu zaidi.

Kama tayari una matokeo na una C+ au zaidi, usiombe kozi kwa sababu ina jina kubwa. Angalia pointi za klasta za mwaka uliopita, weka chaguo la ndoto, kisha weka mengine unayoweza kuyafikia kweli. Msee wa B- aliyepanga vizuri anaweza kupata kozi aliyotaka, na wa A- akajikuta kwenye kozi ambayo hata hakuwahi kuisikia.

Na kama uko kati ya wale laki saba, diploma inahitaji C-, na cheti D. Ukimaliza diploma vizuri, njia ya digrii bado iko. Ni ndefu, na inauma kuwaona mabeste wakiripoti kampasi wewe ukienda chuo cha ufundi. Lakini ni njia, na mafundi umeme wazuri hawakosi kazi mtaani.

Mjomba akirudi kwenye WhatsApp kuuliza "wa kwetu je?", mjibu kwa heshima. Halafu mwulize na yeye: mwaka ule mtoto anachagua masomo, kuna mtu wa familia aliyekaa naye chini?