Ini Kwa Friza Kwanza, Klipu Baadaye

Wasee, tuongee ukweli. Ng'ombe akifa karibu na shamba la mpunga kule Garsen, kitu cha kwanza kufika si daktari wa mifugo. Ni klipu. Mzoga, maandishi mekundu, "WAMETUWEKEA SUMU." Wamekina nani? Hakuna anayeuliza. Kwa mfugaji, "wao" ni wakulima. Kwa mkulima akiona samaki wameelea, "wao" ni wafugaji.

Na Tana Delta si mahali pa kucheza na neno "wao". Tarehe 22 Agosti 2012 watu 52 waliuawa Riketa. Kufikia Januari 2013, waliouawa kwenye delta walikuwa wamepita 100. Ugomvi ulikuwa wa maji na malisho, haukuwa wa sumu. Lakini delta ni ileile, na siku hizi kiberiti kiko kwa kila simu.

Mimi nasema hivi: sumu inapimika, so mtu anayeitangaza bila kipimo anatuuzia vita.

Inapimwaje? Kipande cha ini kinasagwa, kinachanganywa na kemikali inayonyonya dawa kutoka kwa nyama, kisha kinachujwa. Ule umaji unasukumwa kwa presha kubwa ndani ya mrija mwembamba wa chuma uliojaa chembechembe ndogo kuliko unga. Fikiria stage ya Garsen: mmoja anapita moja kwa moja, mwingine anasalimia kila kibanda. Wote wameingia pamoja lakini hawatoki pamoja. Kila molekuli ina dakika yake ya kutoka, na mashine inaandika. Kisha unalinganisha na dawa halisi ambayo kiasi chake unakijua, unapata jibu: mikrogramu ngapi kwa kila gramu ya ini. Hiyo ndiyo kromatografia ya kimiminika. Na kwa sababu molekuli mbili zinaweza kutoka dakika moja, maabara makini inapima pia uzito wa molekuli ndiyo ihakikishe.

Hii si stori ya Ulaya. Mwaka 2009, baada ya kelele za simba kutiliwa sumu Kenya, kampuni ya FMC ilitangaza kuondoa Furadan madukani. Lakini kelele haiwezi kukuambia tumbusi fulani aliuawa na nini. Mwaka 2010 Peter Otieno na wenzake walichapisha utafiti wa tumbusi wa Kenya: walipata carbofuran, ile dawa iliyo ndani ya Furadan, pamoja na mabaki yanayotokea ikivunjika. Huo ni ushahidi. Haukumtaja kabila.

Sasa wanasiasa wakisoma hii watataka kukata utepe: "Mashine ya kisasa Garsen!" Hapana, asanteni. Mashine hiyo inataka stima isiyopotea, kemikali za bei na mtu aliyesomea. Bila hivyo itakuwa meza ya kuwekea chai. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi Mombasa tayari. Garsen inahitaji friza, kasha la barafu, na gari la kupeleka sampuli kabla joto letu halijaharibu dawa iliyo kwa ini. Kaunti, hiyo mnaishindwa?

Na utaratibu uwe huu: sampuli mbili, zifungwe mbele ya mkulima mmoja na mfugaji mmoja, wote watie sahihi. Jibu lisomwe kwa baraza, hata kama jibu ni "hakuna dawa iliyoonekana". Hasa likiwa hilo.

Lakini msikate mzoga wenyewe, tafadhali. Ng'ombe aliyekufa ghafla anaweza kuwa na kimeta, na kimeta kinaua watu. Huyo ni wa daktari wa mifugo, si wa kisu chako wala kamera yako.

Najua komenti zinakuja: "Wewe uliacha chuo, utatufunza kemia?" Ndiyo niliacha. Mashine haiulizi cheti cha mtu, inauliza sampuli iko wapi. Kwa hivyo ukitumiwa klipu ya "wametuwekea sumu", jibu kwa swali moja tu: ini liko wapi? Asipojibu, usisambaze.