Miaka Thelathini ya Tai Asiyeruka

Mwezi uliopita, sisi wa Dallas tulishuka Houston kwa barabara ya 45, tukakutana na wenzetu wa huko, tukaenda Houston Zoo kumwona tai mwenye kichwa cheupe. (Mmoja wetu aliwahi kuandika "tai mwenye kipara" katika zoezi la darasani, mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Hana kipara. Manyoya yake ya kichwani huwa meupe afikapo miaka 5 hivi.) Alikuwa juu ya gogo, ametulia, anatutazama kama mjomba anayesubiri chai.

Tukiwa garini kurudi, ubishi ukaanza. Mwenzetu alisema ndege asiyeruka ni mfungwa, heri afe.

Tunamwelewa, lakini hatukubaliani naye. Sheria za Marekani hazimbakizi kila ndege. Aliyepofuka macho yote mawili, aliyekatwa mguu, au bawa kuanzia kwenye kiwiko, kwa kawaida hudungwa sindano afe bila maumivu. Wanaobaki ni wale ambao mfupa wa bawa umeunga vibaya, au jicho moja limekufa. Hao wanakula wenyewe na wanasimama wenyewe. Porini wangekufa njaa. Kizimbani wanaweza kuishi zaidi ya miaka 30, yaani kuliko umri wetu.

Na wengi waliumia kwa sababu yetu: magari, nyaya za umeme, sumu ya risasi wanayoila katika mizoga iliyoachwa na wawindaji. Vituo kama Blackland Prairie Raptor Center, kule Lucas kaskazini ya Dallas, hutegemea michango na watu wa kujitolea. Lakini watu hupenda siku ya kumwachia ndege aliyepona. Wanapiga video, wanashangilia. Nani anapiga video ya mtu anayefunga nyasi bandia kwenye gogo ili nyayo za tai zisitoke vidonda? Nani anashangilia samaki na panya wa kila siku, mizani, kivuli cha Agosti ya Texas?

Kuna pia mtindo tusioupenda: tai kupelekwa uwanjani kabla ya mechi, spika zikiunguruma, amebebwa kama bendera. Ni kweli, tangu Desemba 2024 ndiye ndege rasmi wa taifa. Hajui hilo. Anajua kelele.

Sasa fedha za mandazi. Baadhi yetu wanataka ziende Lucas, wengine Naivasha, Kenya, ambako pia kuna kituo cha kutibu ndege wawindaji, na ambako furukombe, ndugu wa tai huyu, naye ana kichwa cheupe. Popote ziendapo, tunaomba ziandikiwe sharti moja: ni za chakula na vizimba vya wasioruka. Kura ni Alhamisi. Njooni, hata ninyi mliojiunga kwa ajili ya mandazi tu.