Gazeti la bure hotelini: mgeni asome, na mwenyeji je?

KINDU, Maniema – Je, hoteli za mji wa Kindu ziwape wageni wao gazeti la bure kila asubuhi, kama hoteli kubwa za nchi zingine? Wengi watacheka. Katika mji ambako watu wanahangaikia muhogo na mafuta ya mawese, gazeti la hotelini ni la nini? Lakini swali hili linagusa jambo kubwa: nani anapata habari, na nani anaachiwa uvumi.

Magazeti yanayojulikana zaidi nchini, kama Le Potentiel na Le Phare, ni ya Kinshasa, na yanaandikwa kwa Kifaransa. Kutoka Kinshasa hadi Kindu hakuna barabara ya kutegemea. Gazeti linapanda ndege, na ndege ikikosa, nalo linakosa. Likifika mezani, habari imekwisha kuchacha. Mgeni mwenyewe, awe mfanyakazi wa shirika, mbunge au mfanyabiashara, ana simu na mega zake. Amekwisha kusoma yote kabla ya chai. Hata kampuni ya hoteli ya Marriott, huko Marekani, iliacha mwaka 2009 kuweka gazeti kwenye mlango wa kila chumba, kwa sababu wageni wengi hawakulitaka tena.

Kwa hiyo kumnunulia kila mgeni gazeti ni kutupa pesa. Tena gazeti la bure haliko: bei yake inaingia katika bei ya chumba.

Wenye njaa ya habari hawalali hotelini. Ni familia zilizokimbia vita, zinazokaa kwa ndugu na wenyeji huko Kasuku, Mikelenge au Alunguli. Tangu Goma na Bukavu zilipochukuliwa na M23, mwezi wa kwanza na wa pili mwaka 2025, swali lao kila asubuhi ni moja: njia ya nyumbani ikoje? Uvumi mmoja, kwamba kumetulia na watu wanarudi, unatosha kumfanya mama auze sufuria, afunge watoto mgongoni na kuingia njiani. Uvumi ukiwa wa uongo, anayelipa ni yeye.

Redio inasaidia sana. Radio Okapi inasema Kiswahili tangu ilipoanzishwa mwaka 2002. Lakini redio ikisema imepita. Aliyekuwa shambani, aliyekuwa mtumbwini akivuka Lualaba, au aliyeishiwa mawe ya redio, amekosa. Karatasi inabaki. Tarehe ya chanjo, mahali pa kugawa chakula, shule inayopokea watoto waliohama: mtoto anayejua kusoma anamsomea bibi yake, na kesho anarudia.

Basi hoteli zifanye hivi. Nakala mbili au tatu za gazeti la Kinshasa zinatosha, ziwekwe kwenye meza ya mapokezi. Jioni zipelekwe shuleni au parokiani. Pesa inayobaki ilipie karatasi moja ya Kiswahili kila wiki, iandikwe na wanahabari wa hapa Kindu, na ibandikwe nje ya geti, mahali ambapo mpita njia hamwombi mlinzi ruhusa. Ibara ya 24 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kupata habari, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa.

Kuna hatari, na isifichwe. Anayelipia karatasi anaweza kutaka kusifiwa humo. Wakongomani wanaijua vizuri desturi ya coupage, bahasha anayopewa mwanahabari baada ya mkutano. Ndiyo maana hoteli kadhaa zichange pamoja, ili asiwepo tajiri mmoja wa kuamuru, na kila habari iseme imetoka wapi na lini. Habari isiyo na chanzo isibandikwe, hata ikiwa tamu namna gani.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hoteli za Kindu zinaishi kwa wageni, na wengi wao huja kwa sababu ya shida za watu hawa hawa. Si vema mgeni ajue hali ya barabara ya Kivu akiwa kitandani, huku mwenye kuipita akiulizia kwa madereva wa malori.