Fumbo la Taarabu ni la Nani?

Wapo wahakiki wanaoshikilia kuwa maana ya wimbo imo katika maneno yake. Taarabu ya Tanga, iliyovuma tangu miaka ya 1960 kupitia vikundi kama Black Star, yatutilia shaka dai hilo. Ukumbini, ubeti autakao ukifika, msikilizaji huinuka akamtuza mwimbaji. Kwa kitendo hicho humlenga hasimu ambaye mtunzi hamjui kabisa. Fumbo, basi, hukamilishwa na hadhira. Tunapozifundisha nyimbo hizi kama mashairi ya kusomwa tu, twafundisha nusu ya fumbo. Hatuna budi kuitafiti hadhira yenyewe, katika arusi za Tongoni na kumbi za mjini, kabla wazee walioshuhudia enzi hiyo hawajatutoka.