Sahani Bila Gramafoni

Mpenzi msomaji, kuna watu ambao hununua kengele kabla ya kupata ng'ombe. Usiwacheke, maana mimi ni mmoja wao.

Ilikuwa Januari, mwaka wa 1980. Baba alinipa pesa niende Nakuru mjini kununua viatu vyeusi vya ngozi, kwani nilikuwa nikiingia kidato cha kwanza. Huko mjini nikapita mbele ya duka moja la santuri lililokuwa na spika mlangoni. Wimbo uliokuwa ukichezwa ni 'Sina Makosa' wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka wa 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika. Tulikuwa tukiusikia kwenye Sauti ya Kenya, kama KBC ilivyoitwa siku hizo, lakini redio ilikuwa na ubahili wake: wimbo ukianza kunoga tu, mtangazaji anaukata apate kusoma salamu. Pale dukani hakuna aliyeukata. Lile gitaa la besi lilinishika miguu.

Nikaingia. Nilipotoka nilikuwa na sahani yangu ndani ya bahasha ya karatasi, na pesa zilizobaki zilitosha kununua akala tu.

Nyumbani hatukuwa na gramafoni. Hata majirani hawakuwa nayo.

Baba alitazama miguu yangu, kisha akaitazama bahasha. "Hiki ni nini?" Nikamwambia ni wimbo. "Unaitwaje?" Ewe msomaji, ningalijua ningalinunua wimbo mwingine wowote. Nilijibu kwa sauti ya chini, "Sina Makosa."

Hakunichapa. Alicheka kidogo, kile kicheko kisicho na furaha, akatafuta msumari na nyundo, akaitundika ile sahani ukutani kwa tundu lake la katikati, kando ya kalenda. "Viatu vyako ni hivyo hapo," akasema. Nilienda shuleni na akala. Siku ya pili mwalimu wa zamu alinirudisha nyumbani, na mama akauza kuku watatu. Mzaha wa baba niliusahau upesi. Ni wale kuku wanaoniuma hadi leo.

Sahani ilikaa ukutani karibu miaka miwili, ikila moshi na vumbi. Kisha kaka yangu akaoa, na vijana wa muziki wakaja na gramafoni ya betri. Usiku ulipokolea, baba alikwenda mwenyewe hadi ukutani, akaitoa ile sahani na kuipangusa kwa shati lake. "Hebu wekeni viatu vya huyu tuvisikie," akawaambia.

Huenda ninyi vijana hamkuziona sahani hizo ndogo. Zilizunguka mara 45 kwa dakika, na upande mmoja haukutosha wimbo mrefu wa dansi. Kwa hivyo wimbo ulikatwa vipande viwili. Magitaa yanapoanza kukolea hasa, muziki unafifia, na lazima mtu ainuke aigeuze sahani. Wachezaji hubaki wamesimama wakishikana mikono, hawajui waketi ama wangoje. Wachumba wangapi walifahamiana katika nafasi hiyo fupi, Mungu ndiye ajuaye.

Basi usiku ule muziki ulipofifia, baba alikuwa katikati ya ua, mkono mmoja juu, mama mbele yake. Sikuwa nimewaona wakicheza pamoja hata siku moja. Akamgeukia kijana wa gramafoni kwa ukali, "Umechoka? Geuza!"

Siku hizi wimbo huo ninao kwenye simu, mzima, wala hakuna wa kuinuka. Sahani yenyewe ningali nayo. Imepinda kidogo kwa joto la mabati, na sindano huruka mahali pawili. Gramafoni niliinunua miaka mingi baadaye, kwa mshahara wangu mwenyewe, na siku hiyo nilihakikisha kwanza nina viatu.

Na wewe, msomaji, sahani yako ya kwanza ilikuwa ipi, na uliilipia kwa pesa za nini?