Andika Jina Nyuma ya Picha



Mwaka 1924 Mpolandi mmoja, Kazimierz Zagórski, aliyewahi kuwa rubani wa jeshi, alihamia Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa, akafungua studio ya picha. Alizunguka Kongo na nchi jirani na kamera yake. Nyingi ya picha hizo alizitoa kama kadi za posta, akazipa jina la Kifaransa lenye maana ya "Afrika inayotoweka". Alifariki mwaka 1944. Picha zake za zamani siku hizi zinatunzwa Ulaya kama hazina na kuwekwa kwenye maonyesho.

Ni picha nzuri, na sitamsema vibaya marehemu. Lakini soma maandishi yaliyo chini yake. Mara nyingi utakuta kabila na namba. Mama mwenye sura isiyosahaulika ni "Mmangbetu", basi. Na Afrika yenyewe haikutoweka. Wajukuu wa rika lile bado wanavuka ziwa letu kutoka Uvira na Kalemie, wanateremka Kigoma na vitenge vyao. Yaliyotoweka ni majina, kwa kuwa hayakuandikwa.

Katika Luka 16 Bwana wetu anasimulia habari za watu wawili. Tajiri hatajwi jina. Maskini wa mlangoni anaitwa Lazaro. Sisi tungefanya kinyume: tajiri jina na cheo, na chini ya yule mwingine tungeandika "ombaomba".

Hapa Ujiji tunalijua hilo. Makumbusho yetu huonesha mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na majina yao yanajulikana dunia nzima. Watumwa waliopita hapa kuelekea Bagamoyo, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu, tunawataja kwa wingi wao tu. Aliyepona kusahaulika ni Adrian Atiman: aliibwa Afrika Magharibi akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea udaktari Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kusini kwetu kwenye mwambao huu huu, akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Huyo ana jina, na watu wanalitaja.

Wa kwako je? Ile picha iliyo kwenye fremu sebuleni, bibi ameketi, babu amesimama na kofia mkononi: watoto wako wanawajua? Na yule mtoto aliyeshika gauni la bibi ni nani? Kama alifariki mdogo, huenda hiyo ndiyo alama pekee aliyoiacha duniani. Anayemjua labda ni shangazi mmoja tu, naye macho yameanza kufifia.

Mfuate leo baada ya ibada. Chukua penseli laini, maana wino hupenya, uandike nyuma ya picha: jina la nyumbani, jina la ubatizo, mama yake nani, kijiji gani. Jina la nyumbani usiliruke. Sisi wa kanisa nasi tuna deni hapo. Tumewaandika akina Maria na Yohana wengi, tukaliacha jina walilopewa na bibi zao.

Shangazi akichanganya mwaka, usibishane naye. Andika anavyosema, kisha umsomee.