Utepe wa Waridi na Hesabu Isiyosomwa

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Oktoba, nchi yetu huvaa rangi ya waridi. Benki hupamba milango yake kwa rangi hiyo, maduka makubwa hupanga rafuni sabuni na mafuta ya kujipaka yenye picha ya utepe uliokunjwa, na wafanyakazi wa kampuni mbalimbali huandamana barabarani wakiwa na fulana mpya. Yote haya hufanywa kwa jina la kuuhamasisha umma kuhusu saratani ya matiti. Mimi ni mwalimu wa isimu, wala si tabibu, na ninalotaka kulijadili hapa ni suala la lugha kwanza. Hata hivyo, ni lugha inayogusa uhai wa watu.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kiswahili kilipohitaji jina la shughuli hii kilichagua "uhamasishaji". Shina lake ni hamasa, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ni ari, jazba, moto wa moyo. Kufahamu ni jambo jingine. Shabiki wa kandanda huhamasika akapasua koo ilhali hajui kanuni ya kuotea. Aliyetuchagulia neno hilo alisema kweli pasi na kukusudia, kwa maana hamasa ndiyo hasa tunayogawiwa kila Oktoba, na maarifa huachwa nyuma.

Nisieleweke vibaya. Ipo faida iliyopatikana, nayo si haba. Zamani neno "titi" lilikuwa halitamkiki mbele ya halaiki, na mgonjwa alifichwa kana kwamba ameitia aibu aila yake. Marehemu Mary Onyango, aliyekuwa makamu mwenyekiti wa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, alisimama hadharani akasema kwamba anaugua saratani ya matiti, na kwa kusema hivyo aliwafungulia wengine mlango. Aliaga dunia mwaka 2012. Kuvunja kimya ni kazi ya heshima. Swali langu linahusu kinachosemwa baada ya kimya kuvunjwa.

Oktoba moja nilikuwa katika wadi ya Burat, kando ya mji wa Isiolo, pamoja na wanafunzi wangu tukichunguza jinsi wenyeji wanavyochanganya lugha sokoni. Burat ni mahali pa kumfurahisha mwanaisimu: katika safari moja ya bodaboda utasikia Kiturkana, Kiborana, Kimeru, Kisamburu na Kisomali. Kwenye kibanda kimoja cha biashara palikuwa pametundikwa bango la kampuni fulani, sehemu kubwa likiwa limeandikwa kwa Kiingereza, na chini yake sentensi moja ya Kiswahili: sehemu ya mapato itachangia vita dhidi ya saratani ya matiti. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia alitaka kujua ile kamba ya pinki ni ya nini. Mwanafunzi wangu mmoja alimweleza. Yule mama akafikiri, kisha akauliza, "Na nikijishika nikakuta kitu, mwalimu, niende wapi?" Bango halikuwa na jibu.

Walimu wa Kiswahili watanielewa nikiichambua sentensi ile kisarufi. Kiima chake ni "sehemu ya mapato". Fedha zenyewe ndizo zinazochangia, na mtenda, yaani kampuni, amejificha nyuma yake. Kitenzi "changia" kinataka mtendewa, nasi tunapewa "vita", jambo lisilo na anwani wala akaunti. Kisha tunalo neno "sehemu". Tunawafundisha watoto kwamba kuna idadi kamili na idadi isiyo dhahiri. Shilingi moja katika milioni ni sehemu. Shilingi laki tisa katika milioni ni sehemu pia. Aliyeandika sentensi hiyo hakusema uongo, na wala hakusema lolote linaloweza kuhakikishwa.

Mambo hayakuanza hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mama mmoja wa California, Charlotte Haley, ambaye nyanyake, dada yake na bintiye waliwahi kupatwa na saratani ya matiti, alitengeneza tepe kwa mikono yake nyumbani. Tepe zake zilikuwa za rangi ya pichi, iliyo baina ya waridi na chungwa. Aliziambatisha na kadi iliyoeleza kwamba Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikuwa na bajeti ya dola bilioni 1.8 kwa mwaka, na kwamba ni asilimia 5 tu iliyokwenda katika kuzuia ugonjwa. Mwaka 1992 jarida la Self na kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder zilitaka kuutumia utepe wake. Akakataa, kwa kuchelea biashara. Basi kwa ushauri wa mawakili rangi ikabadilishwa, ikawa waridi, na shughuli ikaendelea bila yeye. Utepe ulianza ukiwa umebeba tarakimu na dai juu ya bajeti. Ulipopita dukani, tarakimu zikadondoka, ikabaki rangi. Mwaka 2010 huko huko Marekani ulifika hadi kwenye ndoo za kuku wa kukaangwa wa KFC, ilhali unene wa kupindukia ni miongoni mwa mambo yanayozidisha hatari ya ugonjwa huu kwa wanawake waliokoma hedhi. Hata mwezi wenyewe wa Oktoba ulianzishwa mwaka 1985 na Chama cha Saratani cha Marekani kikishirikiana na kitengo cha dawa cha kampuni ya ICI, mtengenezaji wa tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti. Dawa hiyo imeokoa wengi, sikatai. Lakini ni vyema kujua ni nani aliyekaa mezani.

Sisi Wakenya tunayo desturi iliyo bora kuliko hiyo. Mgonjwa wa saratani akielemewa na gharama, jamaa na majirani huitisha mchango. Mwenye daftari husimama akasoma: mama fulani, shilingi mia mbili, mwalimu mkuu, elfu moja, mzee fulani, mbuzi mmoja. Aliyeahidi huandikwa kuwa ameahidi, isichanganywe na taslimu. Mwishoni jumla husomwa kwa sauti. Iweje mzee wa Burat asomewe mbuzi wake hadharani, nayo kampuni yenye wahasibu isomewe "sehemu"?

Inawezekana kusema kwa tarakimu. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilipotangaza makubaliano na kampuni ya Roche kuhusu dawa ya Herceptin, ilielezwa kwamba bei ya kila awamu ya tiba ingeshuka kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000, na kwamba malipo hayo yangebebwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Dawa hiyo hufaa baadhi tu ya wagonjwa, na Roche haifanyi biashara kwa sadaka. Lakini taarifa ya namna hiyo humwezesha mgonjwa kwenda hospitalini na kudai, na humwezesha mwandishi wa habari kuuliza iwapo imetimizwa.

Turudi kwa swali la yule mama, maana ndilo zito kuliko yote. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, linataka uchunguzi wa mgonjwa ukamilike ndani ya siku 60 tangu afike kwa mhudumu wa afya. Zihesabu siku hizo kutoka Burat. Kwanza mwanamke ajue kwamba uvimbe wa saratani aghalabu hauumi mwanzoni, jambo ambalo mabango mengi hayalitaji, na kwa mama anayenyonyesha kila uvimbe hudhaniwa kuwa ni maziwa. Kisha apigwe picha, akatwe kinyama, kinyama hicho kisomwe na mwanapatholojia, na majibu yarudi. Akihitaji mionzi, atasafiri. Kwa miaka mingi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ndiyo pekee ya umma iliyotoa tiba hiyo, na kutoka Isiolo hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 280. Siku hizi mashine zimefikishwa pia Garissa, Nakuru na Mombasa, na hiyo ni hatua ya kushukuriwa, lakini mionzi ni tiba ya majuma kadhaa. Mgonjwa alale wapi? Mbuzi waachiwe nani? Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha takriban wagonjwa wapya 6,800 wa saratani ya matiti nchini Kenya, na vifo zaidi ya 3,100. Siamini kwamba wote hao walikufa kwa kukosa hamasa.

Hapa ndipo lugha ya vita inaponiudhi. Mgonjwa huitwa shujaa, huambiwa apigane, na akifa tunasema ameshindwa. Aliyeshindwa hasa ni nani, ikiwa kinyama chake kilikaa maabara miezi mitatu?

Basi nawaomba walimu na wanafunzi jambo dogo. Kampuni ikija shuleni Oktoba na fulana na tepe, msiifukuze. Mwanafunzi mmoja ainue mkono aulize kwa adabu: mwaka jana zilitolewa shilingi ngapi, zilipewa hospitali gani, na fulana hizi ziligharimu kiasi gani? Hesabu hiyo iandikwe ubaoni, tarakimu chini ya tarakimu, kama daftari la mchango. Na mgeni akijibu kwamba ni sehemu ya mapato, hilo nalo liandikwe hivyo hivyo, darasa zima likinakili.